Kaka Yetu Pasi, Aliyenyoosha Kiingereza cha Kiwanda

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, asanteni kwa kufika. Wasifu huu nausoma mimi, dada yake anayemfuata kuzaliwa, yule fundi cherehani. Kiwanda kilijitolea kutuchapia karatasi hizi kwa rangi, na picha kubwa ya marehemu mbele. Tuliwapelekea maandishi Jumatatu, yakarudi Jumanne yakiwa yamelainishwa, na aya mbili hazimo. Nikawaambia asante, nikaenda duka la fotokopi la hapo kona. Kwa hiyo mkiona picha imekuwa nyeusi na pua ya marehemu haionekani, nisameheni. Maneno yote yamo.

Najua tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mama alinilea hivyo na mimi nimewalea wanangu hivyo. Lakini nimekaa misiba mingi nikisikiliza watu wakivishwa vilemba vya ukoka, mpaka mjane anageuka kutazama jeneza kuhakikisha ni mumewe. Leo nitamsema kaka yangu alivyokuwa. Alikuwa na mazuri mengi, na hayo ndiyo nitaanza nayo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, saa tisa alasiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ambako mama yetu alikuwa akifua mashuka. Asubuhi ya siku hiyo mama alikuwa bado kazini. Walimtoa kwenye mabeseni, wakampandisha ngazi, na mashuka aliyolalia alikuwa ameyafua mwenyewe juzi yake. Baba alikuwa fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja. Tulizaliwa watano. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, tukabaki watatu: marehemu, mimi niliyezaliwa mwaka 1961, na kitinda mimba wetu aliyekuja mwaka 1970, baada ya mama kuwa ameshagawa nguo zote za watoto.

Marehemu alikuwa na miaka kumi na miwili alipozaliwa mdogo wetu huyo. Mama aliporudi kwenye mashuka yake, mtoto alibaki mikononi mwa marehemu. Alimbeba mgongoni, alimwogesha, alimfundisha kutembea kwa kumshikisha miguu ya cherehani ya baba. Neno la kwanza la mtoto yule halikuwa mama, lilikuwa jina la kaka yake, na mama alinuna wiki nzima. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani hakumpenda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu mkuu alibandika ubaoni tangazo la Kiingereza kuhusu viatu vya wanafunzi. Marehemu alilisoma, akatoa penseli, akalisahihisha mahali patatu, akaenda zake darasani. Aliitwa ofisini akala fimbo nne. Alipokuwa anajipangusa machozi, mwalimu mkuu alifunga mlango, akaketi, akamwambia, "Haya, sasa nielekeze, ilitakiwa iweje?" Tangu siku hiyo kila tangazo la shule lilipita kwanza kwa mtoto wa fundi cherehani. Fimbo zile nne hazikuwahi kuombewa radhi.

Alifaulu vizuri, lakini mwaka ule ule macho ya baba yaliingia ukungu, akawa anashona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Marehemu aliacha masomo, akatafuta kazi. Mimi nilikaa kwenye cherehani, naye akaenda kwenye kalamu.

Kuanzia Januari 1976 hadi Juni 1984 alifanya kazi kwenye nyumba ya uchapaji, akisoma kurasa kabla hazijapigwa chapa. Ndipo alipoanzisha daftari lake. Alipiga mstari kwa rula katikati ya kila ukurasa. Kushoto aliandika maneno ya Kiingereza kama yalivyomjia, yamepinda, na kulia aliandika yalivyotakiwa kuwa. Mimi Kiingereza sikijui, ila alipenda kunieleza nikiwa nashona. Alisema mtu mzima na digrii yake anaandika maneno tisa, na yote tisa maana yake ni "kwa sababu". Si uandike "kwa sababu", uende nyumbani ukalale? Mwingine anaandika kwamba kikao kiliendesha zoezi la kufikia uamuzi. Kikao kiliamua, basi. Aliniambia maneno ya namna ile ni sawa na kushona mfuko ambao mkono hauingii, na mimi nilimwelewa kabisa, maana wateja wa mifuko ya namna hiyo ninao.

Jumatatu, tarehe 2 Julai 1984, aliajiriwa na kiwanda cha vigae kuwa karani wa barua. Wengi mnakijua kiwanda, mnatoka huko. Wanunuzi wa vigae walikuwa wa nje na walitaka kila kitu kwa Kiingereza, wakaguzi wa usalama kazini nao vilevile, na wahandisi wetu walikuwa mafundi wazuri wa mashine, lakini kwa Kiingereza walikuwa wanapapasa gizani. Marehemu alipewa chumba cha mwisho wa korido, meza moja na trei mbili. Ya kushoto ilikuwa ya karatasi chafu, ya kulia ya karatasi safi. Mtu akiandika ripoti ikapinda, wenzake walimwambia, "Mpelekee Pasi." Jina likashika. Hata mlinzi wa getini hakujua jina lake la kuzaliwa.

Jumamosi alikuwa mali ya mtaa. Alikaa barazani kwetu na meza ndogo, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi, bila kumtoza mtu chochote. Wapo hapa watu wazima, wana vitambi sasa, ambao walikuja wakiwa wamekonda na barua iliyojaa maneno makubwa waliyoyanakili mahali. Alizisoma bila kucheka, akaziandika upya mistari mitano, na watu waliitwa kazini. Nusu ya waliobeba jeneza leo waliingia kiwandani kwa barua za marehemu. Mdogo wetu naye aliingia kwa barua ya mkono huo huo, Jumatatu, tarehe 3 Februari 1997, chumba cha kusagia. Ndiko mawe meupe yanakosagwa kuwa unga kabla ya kuchomwa kuwa vigae.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa mpokea simu wa kiwanda hicho. Aliposa kwa barua, kurasa mbili. Wifi aliirudisha kesho yake pamoja na ujumbe: "Barua yako haina kosa hata moja. Nitakuaminije?" Marehemu hakulala. Aliandika nyingine kwa haraka, akafuta, akachafua wino, akaipeleka mwenyewe ikiwa imekunjamana, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, na wote aliwasomesha hadi walipotaka wenyewe kuacha. Alikuwa baba wa kukaa na mtoto mezani. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Sasa nafika pale zilipotoka zile aya mbili. Najua kuna atakayenivuta nguo hapa. Nguo nimeishona mwenyewe, haichaniki.

Mwezi Oktoba mwaka 2003 alikuja mpimaji kutoka nje. Aliwavalisha watu wa chumba cha kusagia vikopo vidogo kifuani kwa siku tatu, vya kupima vumbi wanalolivuta. Mdogo wetu alivaa kimoja na alijisifia hapa nyumbani kwamba sasa wanapimwa kama marubani. Majibu yalipokuja, mhandisi aliyageuza kuwa ripoti ya kurasa kumi na moja. Marehemu aliniambia mwaka huu, akiwa kitandani, kwamba aliisoma mara tatu na hakuelewa inasema nini. Ya nne akaelewa. Alichukua kalamu, akafanya kazi yake. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza aliweka sentensi ambayo kwa lugha yetu ni hivi: Vumbi la chumba cha kusagia limezidi kiwango kinachoruhusiwa mara nne, na watu wanaolivuta wataugua mapafu.

Akaipeleka kwa meneja. Meneja wa wakati ule ndiye mkurugenzi wa leo, ameketi safu ya pili, na tunamshukuru kwa shada la maua. Mazungumzo yao marehemu alinisimulia mara mbili, na mara zote mbili maneno yalikuwa yale yale.

"Pasi, hii umeandika wewe au mhandisi?"

"Mhandisi, bosi. Mimi nimeinyoosha tu."

"Nilikupa Kiingereza unyooshe. Sikukupa kiwanda. Irudishe ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa haieleweki, bosi."

"Ndiyo."

Ripoti ilikaa kwenye trei ya kushoto siku tatu. Wifi anakumbuka siku hizo, marehemu alikuwa aking'arisha viatu asubuhi na jioni. Alikuwa na watoto watatu shuleni na mama mgonjwa nyumbani, hilo nalitaja kwa haki. Siku ya nne aliandika sentensi nyingine mahali pa ile ya kwanza. Kwa lugha yetu ni hivi: Hali ya hewa katika eneo husika inaendelea kufuatiliwa kwa kuzingatia mahitaji ya uzalishaji. Nimeigeuza na kuigeuza, sijaona mtu ndani yake. Wakaguzi waliipokea, wakaweka mhuri.

Mwezi Machi mwaka 2004 alipandishwa kuwa Mkuu wa Nyaraka. Alipewa chumba chenye feni na kiti cha kuzunguka. Mimi nilimshonea suti ya kijivu, ukosi nikautia mshono wa mkono, na nilitembea mtaani nikijivuna kama nimepandishwa mimi.

Tangu mwaka huo hadi mwaka 2017 ripoti zote za mwaka za chumba kile zilipita kwake. Ni ripoti kumi na tano, ukihesabu ile ya kwanza. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijui nilipe jina gani. Marehemu alianza daftari la pili. Mstari ni ule ule wa rula, mwandiko ni ule ule mzuri, ila pande zimebadilishana. Kushoto kuna sentensi iliyonyooka, inayosema jambo lilivyo. Kulia kuna iliyopindwa, ndiyo iliyopelekwa. Kila mwaka alianza kwa kuandika ukweli, peke yake, kwa ukamilifu, akaukagua nukta na mkato, kisha akaupinda kwa ufundi ule ule. Watu wabovu wa Kiingereza hupinda maneno kwa kutojua. Kaka yangu alikuwa anajua.

Alijaribu kumtoa mdogo wetu kule. Nasema alijaribu, mtanisikiliza alivyojaribu. Siku moja ya mwaka 2004 alimfuata nyumbani kwake, akamwambia ahamie upakiaji. Mdogo wetu akamuuliza kwa nini. Marehemu akasema, "Basi tu. Upakiaji ni kuzuri." Mdogo wetu akasema upakiaji hana mtu, kusagia ana wenzake na mashine anaijua kwa sauti. Marehemu akasema, "Mimi nimekushauri." Akaaga. Mdogo wetu alikuja dukani kwangu macho mekundu, akaniambia, "Dada, kaka ameshakuwa mkubwa. Anaona haya vumbi langu." Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia huenda ni kweli. Hawakutembeleana mwaka mzima.

Kikohozi kilianza mwaka 2009. Kwanza alitibiwa kifua kikuu miezi minane, akazidi kukonda. Halafu daktari mwingine akaitazama picha ya mapafu, akauliza, "Huyu anafanya kazi wapi?" Tulikuwa chumbani watatu, mgonjwa, marehemu na mimi. Mgonjwa hakuwa na pumzi ya kujibu. Marehemu akajibu, "Kiwandani." Daktari akauliza, "Sehemu gani?" Marehemu akasema, "Sehemu ya uzalishaji." Mimi nilikuwepo, niliona ni jibu la mtu msomi, nikanyamaza. Daktari akaandika alichoambiwa.

Mdogo wetu alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2013, akiwa na miaka arobaini na mitatu, ameketi, kwa sababu kulala hakuweza tena. Wasifu wake uliandikwa na marehemu, mliusikia. Ulisema aliugua kwa muda na kwamba alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Wengi mlikuja kuniambia kaka yako ana kalamu ya dhahabu. Hadi leo sijasikia wasifu ulioandikwa vizuri kama ule.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2018. Kiwanda kilimuaga kwa hotuba na kumzawadia vigae vya kutosha sebule nzima, vyeupe, daraja la kwanza. Wifi alimwita fundi wa kuvitandaza mara mbili, na mara mbili marehemu alimrudisha. Maboksi yako koridoni mpaka leo. Mkienda kutoa pole mpite upande, yana kona kali.

Mwezi Februari mwaka 2023 iligunduliwa kwamba figo zake zimechoka. Kuanzia Januari mwaka huu alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Kule kwenye mashine wagonjwa walikuwa wanapewa karatasi ya maelekezo ya Kiingereza, na hakuna aliyekuwa akiielewa, hata waliokijua. Marehemu, mkono mmoja una sindano, aliomba kalamu. Aliiandika upya yote, mistari kumi, kisha akaiandika na kwa Kiswahili. Muuguzi wa zamu aliniambia tangu siku hiyo wagonjwa waliacha kuja wamevimba kwa kunywa maji bila kipimo, na kwamba yupo mama mmoja anayetembea leo kwa sababu ya karatasi ile. Nilifurahi. Baadaye, nilipoyajua ya daftari, furaha ikanigeuka: wageni aliwaandikia wazi, ndugu yake hakumwambia.

Jumamosi, tarehe 3 Agosti, binti wa mdogo wetu alikuja kumjulia hali. Ana miaka ishirini na tisa, ni mama wa watoto wawili, na mumewe hana kazi tangu mwaka jana. Wifi alikuwepo, ndiye shahidi wangu.

"Baba mkubwa, nimepata kazi kiwandani."

"Hongera, mwanangu. Sehemu gani?"

"Kusagia. Wamenipa mashine ya baba."

Wifi anasema marehemu alivuta shuka mpaka kidevuni, binti akadhani anataka kulala. Kisha akasema, "Hongera." Binti alipoondoka, aligeukia ukutani, hakula. Jumatatu aliniita mimi.

Alikuwa na daftari la pili chini ya mto. Nilimwambia Kiingereza chako sikijui. Akasema atanisomea. Alinisomea kwa alasiri nne, mwaka kwa mwaka, kushoto kisha kulia, na mimi nilikuwa na suruali ya mteja mapajani sikutia hata sindano moja. Alipofika mwaka 2013 alisoma pia, hakuruka. Kushoto palikuwa na jina la mdogo wetu. Kulia paliandikwa kwamba mwaka huo hakukuwa na matukio ya kutolewa taarifa.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia ahamie upakiaji."

"Hukumwambia kwa nini."

"Sikuipata sentensi."

"Kwa Kiswahili, kaka? Mtoto uliyembeba mgongoni?"

"Hata kwa Kiswahili."

Nilitamani kumpiga. Alikuwa na kilo arobaini na saba na mrija mkononi, na mimi nilitamani kumpiga, nikatoka nikalia kwenye maboksi ya vigae. Niliporudi nilimwambia, basi mwite huyu binti leo, mwambie kwa mdomo wako, mambo yaishe. Akasema kesho. Kesho akasema Ijumaa. Zikapita wiki nane za kesho. Kitu kimoja tu nilikipata kwake. Nilimlazimisha akaandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake, sentensi ya kushoto ya ripoti yake ya mwisho. Ilimchukua asubuhi nzima kwa sababu ya kutetemeka. Kisha akanipa daftari, akasema, "Utajua la kufanya." Hata hapo, mnaona, hakusema wazi. Alinitwisha mimi.

Binti nilimwambia mwenyewe, mwezi Septemba, dukani kwangu. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Shangazi, ripoti hizo si alikuwa akiziandika baba mkubwa? Na yeye ameniambia hongera. Mara mbili. Kama kungekuwa na kitu, yeye asingeniambia?" Angeniamini vipi mimi wa sindano, amwache mwenye kalamu? Na nyumbani kwake kuna watoto wawili wanaosubiri mama alete chakula. Sikumlaumu.

Marehemu aliaga dunia Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa pembeni. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kilichomuua ni figo. Hakuugua "kwa muda", "hakupumzika", "hakulala", kama wasifu unavyopenda kusema. Aliumwa miezi ishirini na akafa, na miezi hiyo yote wifi alimhudumia bila kununa, jambo ambalo karatasi ya kiwanda haikulitaja kabisa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na waliosema hivyo walidhani mtu huficha maradhi yake tu. Nyuma ya karatasi mliyoshika, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa ratiba, nimeweka fotokopi ya ile sentensi aliyoiandika kwa Kiswahili. Inasema: Mwaka 2017 vumbi la chumba cha kusagia lilikuwa mara tano ya kiwango, watu arobaini na wawili walilivuta, tisa wanakohoa, anayeendelea kufanya kazi humo bila kinga atakufa kwa mapafu. Mwandiko umetetemeka, lakini mnaujua, ndio uliowaombea kazi. Mkurugenzi naye ninayo karatasi yake, msimamizi wa ratiba atampelekea. Nakala ya daftari zima iko kwa wakaguzi tangu jana, nimeipeleka mwenyewe, nikasubiri wagonge mhuri wa kupokea.

Mtaniuliza kama namchukia kaka yangu. Simchukii. Nimemshonea hata shati alilovaa humo ndani, kwa hasira na mapenzi pamoja, kifungo cha pili kimekaa upande. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa mara moja, halafu akazoea. Ningetamani awe hai niendelee kumgombeza.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Ameacha watu wa chumba cha kusagia, zamu mbili, ambao idadi yao aliijua kila mwaka, na waliokuja leo wamesimama kule nyuma, nawasikia wanavyokohoa. Ameacha binti mmoja wa mdogo wake, ambaye zamu yake inaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mwanangu, hili alitakiwa akuambie yeye. Baba yako aliuawa na vumbi la mashine ile, na baba mkubwa wako alijua, na aliposema hongera alikuwa anajua. Kesho usiende. Watoto tutawalisha, cherehani yangu bado inafanya kazi.

Kaka yangu apumzike. Amani nayo aipate kesho, jua likichomoza na wewe uko kitandani.